Mtoto Aliyetumwa Mara Mbili

Wanangu wawili walizaliwa saa kumi na mbili asubuhi, na hilo ndilo jibu pekee nililowahi kumpa mtu. Ukiniuliza nani alitangulia nitakutazama mpaka uone haya mwenyewe. Kwetu mahasa, yaani mapacha, hawapangwi. Ukimwanzia mmoja ziwa la kulia leo, kesho unamwanzia mwenzake. Ukinunua kitambaa, unakikata vipande viwili sawasawa. Mkunga aliyenizalisha aliona nani alitoka kwanza, nami niliona, na wote wawili tukafunga midomo. Siyo ushamba. Nimesoma hadi kidato cha nne, tena upande huu huu wa Tanzania, katika shule ya kambini, wazazi wangu walipokimbia Burundi mara ya kwanza. Hesabu nilifaulu. Lakini mahasa hawapangwi.

Walikuwa na siku tisa nilipokimbia na mimi. Mume wangu alibaki nyuma kumtafuta mama yake, akasema atatukuta mbele. Nikapanda milima na wasichana wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, nikashuka Kagunga miguu ikiwa imevimba kama viazi.

Anayeijua Kagunga anajua kwamba pale hakuna barabara. Mlima uko nyuma yako, ziwa liko mbele, na katikati kuna kipande cha mchanga ambacho mwaka ule kilijaa watu mpaka wenyeji wakakosa pa kuanika dagaa. Kuondoka ni kupanda mtumbwi hadi kwenye meli iliyotia nanga mbali kidogo, na meli ikupeleke Kigoma mjini. Na mtumbwini huingii kabla hujaandikishwa.

Aliyeniandikisha alikuwa mama wa makamo, Muha, ameketi chini ya turubai na tableti mapajani. Nilimsalimia Kirundi, akaitikia Kiha, tukaelewana. Tableti ilitaka jina la mtoto, jinsia, siku ya kuzaliwa na saa. Majina sikuwa nayo. Nilimwambia majina yanamsubiri baba yao na ngoma yao, ile inayochezwa mahasa wanapopewa majina, kwa hiyo akaandika "Mtoto" kwa mmoja na "Mtoto" kwa mwingine. Wote wa kike, wote siku ile ile. Akaniuliza saa. Nikasema kumi na mbili.

"Na wa pili?"

Nikamtazama. Akacheka kidogo, akasema mama yake mdogo naye alizaa mahasa, na akaandika saa kumi na mbili tena. Mtu aliyetoka Dar es Salaam angenibana mpaka nitaje dakika. Huyu alinielewa, na kunielewa kwake ndiko kulikotuponza.

Pale ufukweni simu zilikuwa zinadaka mnara wa ng'ambo ya mpaka, kule tulikotoka, kwa hiyo watu wa uandikishaji walikuwa wamefunga kisanduku chao chenye antena juu ya paa la banda. Tableti inatuma kwenye kisanduku, nacho kinatuma Kigoma kikipata nafasi. Nilikitazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Kikawa chekundu. Kikazunguka tena, chekundu. Mara ya tatu kikawa kijani.

Nikamuuliza ile nyekundu maana yake nini. Akasema mtandao wa pale unasumbua, ila ikiwa kijani imefika.

"Imefika nini?" nikauliza.

"Imefika, mama. Panda boti, watoto wanaungua jua."

Akanipa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu kwamba tuko watu watatu. Kwenye mtumbwi wimbi likatupiga, na tulipofika melini karatasi ile ilikuwa na doa la bluu tu. Sikujali sana. Nilijua tumeandikwa kwenye mashine.

Kigoma walituweka uwanja wa mpira. Asubuhi iliyofuata, kama saa nne, nikafika mbele ya meza ya kadi. Kijana aliyekuwa na orodha akasoma jina langu, akasema mama mmoja, mtoto mmoja. Nikamwambia wawili. Akasoma tena, akavuta kidole kwenye kioo juu na chini, kisha akaniomba nikae pembeni. Ukiona mtu wa meza anakuomba ukae pembeni kwa upole, jua kuna jambo.

Akaja afisa wa watoto. Alikuwa dada mwenye sauti laini sana, na sauti ile niliichukia kabla hajamaliza sentensi. Akaniuliza huyu mtoto wa pili ni wa nani. Akanieleza kwamba wako akina mama waliofika na watoto wasio wao, waliookotwa njiani au kuachwa, wengine kwa huruma na wengine kwa sababu nyingine. Hakuwa mwongo. Nyuma ya goli walikuwa na hema la watoto waliopotezana na wazazi wao, na kilio chake kilisikika uwanja mzima. Akasema gari linawapeleka watoto wale kwenye kituo saa tisa, na mtoto ambaye hayumo kwenye orodha atakwenda nao mpaka jambo lake liangaliwe.

"Ni siku mbili tatu tu, dada," akasema, akanyoosha mikono.

Nilikuwa nanyonyesha wote wawili. Nikamuuliza atachukua yupi.

"Yule ambaye hayumo kwenye orodha."

"Na ambaye hayumo ni yupi?"

Akamtazama huyu, akamtazama yule. Walikuwa wamefungwa vipande viwili vya kitenge kimoja, nyuso zile zile, vipara vile vile. Mikono yake ikashuka. Lakini hakusema amekosea. Alisema atarudi kabla ya saa tisa, na akamwambia mgambo wa langoni asiniruhusu kutoka.

Nilikaa chini nikaanza kuwashuku watu mmoja mmoja. Nilianza na yule mama wa Kagunga, nikasema alicheka ili nisitazame vidole vyake, kumbe nafasi ya mtoto wangu kampa nduguye. Nikamshuku kijana wa orodha. Nikamshuku hata jirani yangu wa mkeka, aliyewasifia sana wanangu usiku uliopita na kuniuliza nani mkubwa. Nilimuuliza usoni kama amesema lolote kwa wenye tableti. Akanijibu kwamba maziwa yamenipanda kichwani, akahamisha mkeka wake.

Kisha nikakumbuka ile nyekundu, nyekundu, kijani.

Hapa inabidi niseme tulikuwa tunafanya kazi gani kabla ya kukimbia. Mimi na mume wangu tulikuwa na kibanda cha simu na gemu kwenye mji mdogo wa kando ya ziwa. Yeye alijifunza kuandika programu peke yake, mimi nikajifunza kwake, na kwa sababu nina mdomo nikawa namkosoa. Tulitengeneza bao la kwetu, lile la mashimo thelathini na mawili, likachezwa kwa simu mbili. Hatukutuma picha ya bao zima, maana mtandao wetu ulikuwa wa kusuasua. Tulituma mchezo tu: shimo la tano, kulia. Simu ya pili inapokea, inazipanda kete yenyewe, na mabao yote mawili yanabaki sawa. Simu ya pili ikishapokea inajibu, nimepata. Jibu lisipokuja, simu ya kwanza inatuma tena.

Tatizo lilikuwa hapo. Wakati mwingine mchezo umefika vizuri, kilichopotea njiani ni lile jibu. Simu ya kwanza inadhani haujafika, inautuma tena, na ya pili inapanda kete mara mbili. Wazee wakapigana kibandani mwetu, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi. Mume wangu akaziba kwa haraka. Akaiambia programu kwamba ukipokea kitu kinachofanana na kilichotangulia, kitupe, ni kile kile kimerudiwa. Wiki nzima ikawa shwari. Halafu siku moja mzee akacheza shimo la tano, mpinzani akajibu, na shimo lile lile likawa limejaa tena, akalicheza tena kihalali kabisa. Programu ikautupa mchezo wake. Kwenye simu yake kete zimekwenda, kwenye simu ya mwenzake hazikwenda, na kila mmoja anaapa kwamba bao lake ndilo la kweli. Na kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo pale uwanjani nilijua. Kosa lile nilikuwa nimelila na kulilalia. Mtoto, wa kike, siku ile, saa kumi na mbili, mama fulani. Halafu: Mtoto, wa kike, siku ile, saa kumi na mbili, mama fulani. Kompyuta ya Kigoma ilikuwa imeambiwa kwamba kule Kagunga tableti zinarudia. Ikamwona mwanangu, ikadhani ni ujumbe uliotumwa mara mbili.

Fundi wa mtandao alikuwa chini ya jukwaa, amejizungushia nyaya na feni ndogo. Nilikwenda nikiwa na wote wawili, na mgambo akinifuata. Nilimwambia bila salamu kwamba mashine yake imemtupa mwanangu kwa kuwa anafanana na mwenzake.

"Mfumo hauli watoto, dada," akasema, hakuinua macho.

"Hauli, unatupa. Mmeuambia utupe kinachofanana na kilichotangulia, kwa ajili ya tableti zinazorudia."

Hapo akainua macho. Akafunga kompyuta yake taratibu, kama mtu anayefunika chungu mbele ya mgeni.

"Hilo nani kakuambia?"

Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Akauliza kama nimeingia kwenye mfumo wao. Nikamuuliza kwa simu gani, yangu ina maji ya ziwa ndani. Akauliza nimejifunza wapi mambo haya, nikamweleza habari ya bao. Nilidhani atafurahi. Mwaka ule mtu aliyejua namna ujumbe unavyosafiri hakumfurahisha mtu yeyote, huku wala kule. Akaniuliza tulikuwa tunatuma nini kingine kwa simu hizo, na kwa nani, na mume wangu yuko wapi sasa. Aliuliza hilo la mume wangu mara mbili. Mgambo akasogea karibu.

Nikaona nimejichimbia shimo. Nilipokuja nilikuwa mwizi wa mtoto, sasa nimekuwa jasusi. Mmoja akaanza kulia, na akilia mmoja wanalia wote. Nikakaa kwenye sakafu ya yule bwana, nikatoa maziwa yote mawili mbele yake na mbele ya mgambo. Anayeona haya aone yeye.

"Usiniamini," nikamwambia. "Mimi pia sikuamini. Chukua tableti yako mwenyewe, andika watoto wawili wa uongo. Kila kitu sawa, herufi kwa herufi. Kisha hesabu wangapi wamefika."

Alikataa kwanza. Akasema ana kazi. Lakini niliona jicho lake linaikimbilia tableti, na mtu wa kazi ile huwezi kumpa swali kama hilo akalala nalo. Akaichukua. Akaandika Mtoto, wa kike, leo, saa nne, mama wa uongo. Kijani. Akaandika tena vile vile. Kijani. Akafungua kompyuta, akatazama. Akafuta, akarudia yote upya, safari hii polepole. Kijani, kijani. Akatazama tena. Mimi sikusimama kuona. Niliona shingo yake ikilegea.

"Mmoja," nikasema.

Akahesabu tena kwa kidole. Kisha akasema, kama anayejitetea kwa mkubwa wake, kwamba Kagunga mtandao unakatika kila mara, na wasingeweka hivyo wangekuwa na watu maradufu kwenye orodha, chakula kingehesabiwa ovyo.

"Najua. Sisi tuliweka hivyo hivyo."

"Mkatokaje?"

Nikamwambia. Kila mchezo tuliupa namba yake pale pale kwenye simu, kabla haujatoka. Ukirudiwa, unarudi na namba ile ile, na anayepokea anajua huu ninao. Mchezo mpya una namba mpya, hata ukifanana na wa jana kama wanangu hawa. Usimtambue mtu kwa sura wakati unaweza kumpa namba. Akaichukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha boksi. Nilimtazama akiandika, nikawaza kwamba yeye atalipwa kwa hilo, na mimi niko sakafuni.

Akasema leo hawezi kubadilisha. Tableti zote ziko Kagunga, na ruhusa inatoka juu. Leo anachoweza ni kumwingiza mtoto kwa mkono, na mfumo utamkubali ikiwa kuna kitu kimoja tu kinachotofautiana.

"Niweke saa kumi na mbili na dakika moja. Yupi?"

Ilikuwa saa nane na nusu. Afisa wa watoto alikuwa amekwisha kufika na kusimama mlangoni na daftari lake, akasikia sehemu ya mwisho. Nikamwambia fundi sitachagua. Akadhani sijaelewa, akaeleza tena. Nilielewa. Nilikuwa nimevuka milima na siri moja tu ambayo ilikuwa yangu, na sasa mtu wa nyaya ananitaka niitoe ili mashine yake isione haya. Nikamwambia achague yeye. Akasema yeye si baba yao. Afisa akasema kwa sauti yake ile kwamba gari limewashwa.

Nikawalaza wote mezani, katikati ya nyaya. "Piga picha," nikasema.

Mmoja alikuwa amelala, mwingine macho. Kamera yao ilitaka mtoto aliye macho. Basi aliyekuwa macho akapigwa picha kwanza, akawa wa saa kumi na mbili kamili, na mwenzake tukamtekenya unyayo mpaka akafumbua, akawa wa dakika moja baadaye. Kama ile picha ilipatia au ilikosea, mkunga anajua na mimi najua.

Kadi tatu zikatoka. Nikazisoma zote kabla ya kuzishika. Afisa aliniambia pole, akageuka aende kwenye gari lake.

"Ngoja," nikamwambia. "Kabla halijaondoka, angalia hemani kwako. Tafuta mwingine aliyekosa jina kwenye orodha na mama yake yuko hapa uwanjani, umuulize huyo mama alizaa wangapi."

Akanitazama, halafu akamtazama fundi. Fundi akainamisha kichwa. Yule dada akaenda, na hakutembea, alikuwa karibu kukimbia na viatu vyake vile vya ofisini. Gari la saa tisa halikuondoka saa tisa. Nilikaa chini ya jukwaa nikilisikiliza linanguruma pale pale, na baada ya muda wakalizima. Baadaye nikasikia mwanamke akipiga yowe kule nyuma ya goli, yowe ambalo halikuwa la msiba. Nilitaka kwenda kumwona. Sikwenda. Nilikuwa bado nina hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwendea, kwa sababu kila mtu niliyemshuku alikuwa amefanya kazi yake.

Mume wangu alitufikia kambini baada ya wiki tatu, bila mama yake. Alikaa kwenye mkeka akawapakata wote wawili kwa zamu, dakika sawa kwa sawa, nilimwona anahesabu. Kisha akaomba kuona kadi. Akaisoma moja, akaisoma ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Mimi sikuwa nimemwambia kitu.

"Wameongeza dakika," akasema.

Nikaitikia kwamba ndiyo. Akaziweka kadi chini, kosa lile la bao letu amekwisha kulitambua. Akauliza kama waliweka namba baadaye, nikamwambia sijui, hakuna aliyerudi kunieleza. Akasema tulipaswa kuwa tumemwambia mtu habari ya lile bao. Nikamuuliza tungemwambia nani.

Sasa wana miaka minne, wana majina, na wana midomo kama yangu. Mwezi uliopita jirani anayejua kusoma aliziona kadi zao nilipozitoa kwa ajili ya mgao wa sabuni, akamwambia mmoja, mbele ya mwenzake, kwamba yeye ndiye dada mkubwa. Jioni ile walipigana mara ya kwanza kwa jambo hilo. Mmoja alidai kubebwa kwanza kwa sababu ni mkubwa, mwingine akadai kwa sababu ni mdogo. Nikawabeba wote, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, ingawa wamekuwa wazito, nikaenda hivyo hivyo hadi kwa yule jirani. Nikamwambia kadi ile imekosea.

Akaniuliza basi mkubwa ni nani.

Nikamtazama.